Milimita Tatu za Klarineti Yangu

Mimi ni mtu wa kuamini vitu vya umeme. Cherehani yangu ya umeme naiamini kuliko ile ya miguu, mizani yenye namba nyekundu naiamini kuliko ya mawe, na kwa miaka mingi nilikiamini kinanda cha kanisa letu pale Kalangalala, mjini Geita, kuliko nilivyoyaamini masikio yangu. Kinanda kina waya na kioo kidogo kinachowaka. Klarineti ni mti uliotobolewa matundu. Viwili hivi vikigombana, nani angekishuku chenye waya?

Hilo ndilo kosa langu. Nalitaja mapema ili anayetaka kusema nilijitakia aseme sasa, kisha anyamaze asikilize yaliyobaki.

Klarineti niliipata Shinyanga nikiwa msichana, kwenye bendi ya misheni. Bendi ilipovunjika, kila mtu aliachiwa chombo alichokuwa anakipiga, nami nikarudi nyumbani na changu ndani ya mfuko wa unga kwa sababu sanduku lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Aliyenifundisha kuipuliza alikuwa kijana aliyenizidi miaka kama kumi. Nilimwita Mwalimu, na jina hilo halijabadilika ingawa siku hizi linanikwama kooni. Nilipokosea alicheka, akaniimbia noti mpaka nikaishika. Nilipoolewa, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Mtoto wangu wa kwanza alipozidiwa na homa, yeye ndiye aliyetupakia kwenye pikipiki yake. Mtu wa namna hiyo humpimi kila asubuhi kujua kama bado ni wako.

Baadaye maisha yakatuleta wote Geita. Yeye alikuja kuongoza muziki kanisani. Mimi nilimfuata mume wangu, aliyekuwa anaifuata dhahabu, nayo ikawa inamkimbia. Miaka minane nilipika chakula cha wachimbaji Rwamgasa, jiko langu likiwa hatua chache tu kutoka kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Kelele zake zilitufanya tuzungumze kwa mikono mchana kutwa. Kisha tukahamia mjini, nikaanza kushona, na Jumamosi mchana nikawa nakwenda mazoezini na klarineti yangu. Kanisani tulikuwa kwaya, kinanda, tarumbeta mbili, na mimi. Nilikuwa napiga sauti ya juu ya nyimbo, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa naipiga vizuri.

Matatizo yalianza kwaya iliporudi kutoka Mwanza, ilikokwenda kurekodi nyimbo zake. Sisi wapulizaji hatukwenda, tuliambiwa studio ni ndogo. Jumamosi iliyofuata Mwalimu akanipa noti kwenye kinanda kama kawaida, nami nikapuliza.

"Dada, uko chini," akasema.

Nilikuwa chini kweli, nilijisikia mwenyewe. Nikashika shingo. Shingo ndivyo tulivyokiita kile kipande kifupi kinachokaa kati ya kinywa cha klarineti na kiwiliwili chake. Ukikivuta nje kidogo sauti inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Siku zote mimi huiacha imetoka kidogo tu. Safari hii niliisukuma mpaka ikagota, na bado nilikuwa chini. Wapiga tarumbeta walisukuma mirija yao ndani wakamaliza kazi, maana tarumbeta ina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Klarineti haina. Ikigota imegota.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilianza na baridi, kwa sababu klarineti ikiwa baridi hushuka. Nikaipasha kwa kuipuliza kimya robo saa nzima kabla ya mazoezi, mashavu yakauma, lakini tofauti ikabaki palepale. Nikashuku ridi, ule utepe wa mwanzi unaotetemeka mdomoni. Ridi ikichoka inalegea, na sauti inalala nayo. Niliagiza mpya, zikaja na basi kutoka Dar, nikajaribu moja baada ya nyingine, nikazisugua kwa msasa laini mpaka moja ikapasuka. Hakuna kilichobadilika. Nikahamia kwenye pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu. Unaweka kipande cha karatasi ya sigara chini ya pedi, unaifunga, unaivuta karatasi taratibu. Ikikwama, pedi ni nzima. Ikiteleza, hewa inavuja. Mbili ziliteleza, nikazitengeneza. Matundu nayo nikayasafisha kwa unyoya wa kuku, nikatoa vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha.

Kila kazi niliyoifanya ilikuwa halali, na kila moja niliimaliza kwa furaha ya kipumbavu, nikijua safari hii nimepata. Jumamosi inafika, Mwalimu anabonyeza noti yake, na mimi niko chini.

Ningekuwa na akili ningejiuliza swali moja. Klarineti yenye tundu chafu au pedi inayovuja hukosea noti moja au mbili. Yangu ilikuwa inakosea zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na ilikuwa imeanza kukosea siku moja. Chombo hakiugui hivyo. Lakini kinanda kilikuwa kinanda. Kanisani kwetu hakuna aliyewahi kukipima. Hata fundi wa spika akija, anaulizia kinanda kwanza.

Siku moja baada ya mazoezi Mwalimu alinikalisha kwenye benchi la mbele. Alizungumza kwa sauti ya chini, sauti ya kumwambia mtu habari za msiba.

"Mdogo wangu, usiudhike. Umewahi kuyafikiria masikio yako?"

"Yana nini?"

"Miaka minane kwenye makarasha si mchezo. Sikio linakufa polepole, mwenyewe hujui."

Nilirudi nyumbani nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Tangu siku hiyo nikaanza kujisikiliza. Mume wangu akiita kutoka uani nilihesabu ameita mara ngapi kabla sijaitika. Nilizima redio na kuiwasha. Nilikwenda zahanati, tabibu akasimama nyuma yangu akawa ananong'ona majina ya matunda, nami nikayataja yote mpaka stafeli. Akasema masikio yangu ni mazima kuliko ya mtoto. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo nikidhani atashangilia.

"Hospitali wanapima kusikia," akasema. "Hawapimi sauti."

Nikamwamini. Jamani, nilimwamini! Na wiki ileile wazee wa kanisa wakaniita, wakanieleza kwa heshima zote kwamba nisipige kwenye harusi kwa sasa, mpaka nitakapotengemaa. Walisema wamesikia nina shida ya masikio. Sikujiuliza wamesikia kwa nani. Nilichowaza ni kwamba klarineti ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho usichanani ambacho mikono yangu bado ina kazi nacho, na sasa kinaniponyoka, na kosa ni la masufuria yangu ya Rwamgasa.

Wazo la kukata lilikuwa langu, hilo silikatai. Nilimwambia Mwalimu kwamba kama shingo imegota na bado sauti iko chini, basi shingo ni ndefu mno. Tukiipunguza, itapanda. Kisha akaichukua shingo mkononi, akaipima kwa rula ya mtoto wa shule, akatoa penseli nyuma ya sikio lake na kuchora mstari kuizunguka.

"Milimita tatu," akasema. "Isizidi hapo."

Ule mstari nauona mpaka leo. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, wa mtu mwenye mkono uliotulia.

Fundi anayeweza kukata mti mgumu bila kuupasua nilimjua mmoja tu, na yuko Rwamgasa. Yeye hukereza vyuma vya makarasha kwa mashine yake, kazi yake ni nyororo huwezi kuamini inatoka kwenye kile kibanda cha mabati. Nilikuwa nimempikia wali maharage kwa miaka.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma kama mtu anayemsalimu mama yake, huku akijifuta grisi. "Umerudi kutupikia?"

"Nimeleta kazi."

Aliigeuza shingo ya klarineti kwenye vidole vyake vinene, akachungulia ndani, akaupitishia ukucha ule mstari wa penseli.

"Hiki kitu kimetengenezwa na mtu anayejua," akasema. "Una hakika mayu? Mimi chuma nikikikosea nachomelea. Hiki nikikata, ndiyo basi."

"Aliyechora mstari ni mwalimu wangu."

"Haya. Kama mwalimu amesema."

Akaifunga shingo kwenye mashine kwa kuizungushia kitambaa isije ikakwaruzika, akakata. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu. Ulitoka unga mweusi wenye harufu ya kuungua, na kipete chembamba cha mti kikadondoka kwenye mabaki ya chuma sakafuni. Fundi akalainisha ukingo kwa msasa, akanikabidhi, akakataa kupokea chochote.

Jumamosi hiyo noti yangu ya wazi, ile inayopigwa bila kufunika tundu hata moja, ilikaa sawasawa na kinanda. Noti za chini zilibaki nyuma kidogo, lakini nilizivuta kwa kubana midomo, nikajifunza kubana, mpaka taya likawa linaniuma usiku. Mwalimu akaitangazia kwaya kwamba dada amerudi. Watu wakanipigia makofi. Mmoja wa wazee akaniambia Mungu hamtupi mja wake. Nami nilisimama pale nikitabasamu na milimita zangu tatu pungufu.

Zikapita wiki kama tano, ukaja mkutano wa bendi za makanisa, Shinyanga. Kutoka kwetu nilichaguliwa mimi kufungua wimbo wa maandamano peke yangu, klarineti tupu, kisha bendi zote ziingie. Nilishona sketi mpya. Shinyanga ndiko nilikojifunza kupuliza, na kulikuwa na watu pale waliokuwa wakinijua nikiwa na miguu myembamba na soksi za misheni. Mwalimu hakwenda, alisema ana harusi ya kupigia. Alinishika mkono mlangoni pa kanisa, akaniombea safari. Aliniombea huku akijua kitakachonikuta.

Mazoezi yalikuwa asubuhi, uwanjani. Nikafungua wimbo peke yangu, vizuri tu. Bendi zikaingia, na mimi nikawa juu yao wote. Siyo juu kidogo. Juu ya kuuma meno. Waliokuwa mstari wa mbele wakageuka. Mwongozaji akasimamisha, tukaanza tena, ikawa vilevile. Jasho likanitoka mpaka kwenye sketi mpya, na kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, masikio, masikio. Niliamini kabisa kwamba yamekufa.

Binti mmoja wa bendi ya Kahama, mpiga klarineti wao wa kwanza, akanifuata pembeni.

"Shikamoo mama. Naomba nikusikie kidogo."

"Marahaba. Usinisikie mwanangu, mimi masikio yangu yameharibika."

Hakunibishia. Akaweka simu yake juu ya kiti, akafungua kile kitu chenye mshale unaokwenda kulia noti ikiwa juu na kushoto ikiwa chini, akaniambia nipige noti ya wazi. Mshale ukakimbilia kulia. Akaniambia nishuke noti moja moja mpaka chini kabisa. Kadiri nilivyoshuka ndivyo mshale ulivyorudi katikati.

"Siyo masikio," akasema. "Noti za koo, hizi za karibu na shingo, zimepanda sana, za chini zimepanda kidogo. Huo ni ugonjwa wa shingo. Shingo yako ni fupi, mama." Akaitoa, akauangalia ukingo wake. "Na hapa imekatwa. Nani kakata?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlikuwa mnalinganisha na kinanda."

"Ndiyo."

"Na kinanda mlikilinganisha na nini?"

Simu ya kupangusa kama ile yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imekuwa humo siku zote, naitumia kuangalia mitindo ya magauni.

Alijaribu kunisaidia. Tuliivuta shingo nje karibu nusu sentimita, lakini hapo kiungo kikawa kinalegea, kinywa kinayumba kila nikipuliza, na noti za kooni zikatoka na mlio wa chupa tupu. Mwongozaji alikuwa anatazama saa. Wimbo akaufungua yule binti. Mimi niliketi na akina mama wa jikoni, klarineti mapajani, nikausikiliza, nao ulikuwa safi.

Lakini nitasema ukweli wangu. Njiani kurudi Geita nilikuwa na furaha. Nimeaibika, ndiyo, lakini masikio yangu yalikuwa mazima! Nilichowaza ni jinsi nitakavyomwambia Mwalimu. Maskini, kinanda kimemdanganya na yeye.

Jumamosi nikawahi kanisani. Nikakiwasha kinanda, nikaweka simu yangu pembeni, nikabonyeza noti. Mshale ukakimbilia kulia. Nyingine, kulia. Zote, kwa kipimo kilekile. Nikacheka peke yangu mle ndani. Mwalimu alipoingia na mkoba wake wa nyimbo, hata shikamoo sikumpa.

"Mwalimu, nimeupata ugonjwa! Kinanda kimepanda! Siyo mimi, ni kinanda!"

Akaweka mkoba chini, akauegemeza vizuri usianguke.

"Najua, dada," akasema.

Nilidhani hajaelewa. Nikaanza kumweleza upya habari za mshale. Akaniacha nimalize.

"Nilikipandisha mimi," akasema. "Tuliporudi kutoka Mwanza. Zile nyimbo zilitoka studio zimepanda kidogo, na kwaya inaimba ikifuata ile flashi yenye muziki wa studio. Kinanda kingebaki chini vingegongana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Lakini wazee waliniuliza siku ileile ya kwanza mbona muziki unagongana. Nikasema ni klarineti. Nilisema tu, ilinitoka. Baadaye ningerudije?"

"Na masikio?"

Akainama, akaanza kutoa nyimbo zake mkobani.

"Mwalimu, ulichora mstari. Kwa penseli yako."

"Ulikuwa umeshaamua kukata. Wewe ukishikilia jambo hushikiki."

Niliangalia mikono yake. Nilitaka kumpiga, na nilitaka aniambie kwamba anatania. Miezi yote ile nimejiona mtu anayeingia uziwi, nimeogopa kuitwa na mume wangu mwenyewe, naye alikuwa anakaa pale, vidole vyake juu ya kitufe kimoja. Hata hasira ilinishinda kuipanga. Nilichoweza kusema ni, "Kishushe."

"Dada, tutazungumza."

"Kishushe sasa hivi."

Akabonyeza mara tatu, nne hivi. Kioo kidogo kikabadilika namba. Ndiyo hivyo tu. Nikasikia watu wa kwaya wanapanda ngazi wakicheka, wakaingia, wakashika nafasi zao. Tarumbeta hazikuwepo, zilikuwa zimealikwa Nyankumbu. Nami, kwa mkono uliozoea na kichwa kilichokuwa mbali, nilichukua klarineti, nikaisukuma shingo mpaka ikagota kama Jumamosi zote, Mwalimu akatoa noti, kwaya ikaingia, nikaingia.

Nilikuwa juu yao wote. Walinyamaza mmoja mmoja, wakanigeukia.

"Kinanda kilikuwa juu," nikasema. "Miezi yote hii. Kimeshushwa sasa hivi, kabla hamjaingia. Mwulizeni Mwalimu."

Mwalimu alikuwa anafunua kurasa zake, anatafuta wimbo.

"Pimeni wenyewe," nikasema, nikanyoosha simu.

Mwenyekiti wa kwaya, mwanamume mwenye haki, akaja akaichukua. Aliiweka juu ya kinanda, akabonyeza noti, akainama kutazama. Akabonyeza nyingine. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliuona mshale umetulia katikati kabisa. Nilikuwa nimeushusha ushahidi wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Kiko sawa, mama," akasema, na macho yake yalikuwa na huruma. "Pole."

Mwalimu akainua kichwa. Hakuniangalia mimi, aliwaangalia wao.

"Tumsubiri dada," akasema kwa upole.

Na wote wakanisubiri.